Gita la Umeme: Ubao Bubu Unaosema

Wengi wenu mmeniona siku za Ijumaa nikitoka langoni na gunia mgongoni, na maneno hayakukosa. Wako waliosema nimebeba mihogo. Wako walioapa kwamba ni jembe la shamba la shule. Siku moja mwalimu wa zamu alinisimamisha akaniamuru nilifungue, na darasa zima likajaa hapo kama watu waliofika kwenye ajali. Basi leo, kwa hisani ya Chama chetu cha Kiswahili, nalifungua gunia hilo mbele yenu nyote ili kila mtu aridhike. Ndani mna gita la umeme.

Si lile mlilozoea kuliona kwenye kwaya, lenye tumbo kubwa na tundu la duara kifuani. Langu halina tumbo wala tundu. Ni ubao mzito, unene wake kama sentimita nne na nusu, umechongwa ukawa na pembe mbili juu mithili ya beberu na kiuno katikati. Ukilipiga bila stima hulisikii ukiwa hatua tano tu. Hulia kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Deski unaloandikia lina sauti kulishinda, lipige kofi uone. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzembe wa fundi, kwamba alisahau kulitoboa. Kumbe ububu huo ndio ujanja wenyewe, na watu waliutafuta kwa miaka.

Hebu tuanzie mbali kidogo. Katika miaka ya 1920 bendi za dansi za Marekani zilijaa tarumbeta, saksafoni na ngoma, na mpiga gita katikati yao alikuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko California, George Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker walitoa gita la kupakatwa magotini lililotengenezwa kwa alumini. Lilikuwa duara lenye mkono mrefu, nao watu wakalibandika jina la kikaango. Ndani yake mlikuwa na sumaku na waya wa kunasa mtetemo wa nyuzi. Ujanja huo ukahamishiwa kwenye magita ya kawaida yenye tumbo, ukaunganishwa na amplifaya, na hatimaye mpiga gita akasikika.

Lakini hapo ndipo balaa ilipoanza. Tumbo la gita ni kama ngozi ya ngoma. Spika ikitoa sauti kubwa, tumbo linaipokea na kutetemeka tena, nyuzi zinatetemeka nalo, sauti inarudi kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, inatoka, inarudi, inatoka, inarudi, mpaka unatokea mlio wa kutoboa masikio. Mlio huo mnaujua. Ni ule tunaoupata kwenye paredi ya asubuhi kiranja mkuu anaposogeza maiki karibu na spika, na walimu wote wanaziba masikio.

Dawa yake ni nini? Ondoa tumbo! Ubao ukiwa mzima na mzito, spika itapiga kelele itakavyo, ubao hautikisiki ovyo. Mpiga gita Les Paul, aliyezaliwa mwaka wa 1915 na kufariki mwaka wa 2009, alikuwa miongoni mwa waliolijaribu jambo hili mapema, mnamo 1940 hivi. Alichukua gogo la msonobari, upana inchi nne kwa nne, akalifungia shingo ya gita na nyuzi. Gogo likalia vizuri. Ila watu walimwona kama aliyerukwa na akili. Akatwaa gita la kawaida, akalipasua, akabandika nusu moja kila upande wa gogo ili lipate sura ya gita. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya hapo watu walilifurahia, ingawa sauti ilikuwa ile ile! Mimi hucheka kila nikikumbuka.

Aliyelifanya gita la ubao likawa kitu cha kununuliwa dukani na mtu wa kawaida alikuwa fundi wa redio. Naam, fundi wa redio kama hawa wetu wa sokoni. Jina lake Leo Fender, wa mji wa Fullerton, California. Alizaliwa mwaka wa 1909, akafungua duka la kutengeneza redio mwishoni mwa miaka ya 1930, na mpaka anafariki mwaka wa 1991 hakuwahi kujua kupiga gita. Jambo hili huwaambia wale wanaodai kwamba vyombo hivi ni vya watu waliozaliwa navyo. Gita lake la ubao lilitoka mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Mwaka wa 1954 akatoa la pili, Stratocaster, ambalo umbo lake ndilo hili lililo ndani ya gunia langu. Wanamuziki walikuwa wamelalamika kwamba kingo za lile la kwanza zinawachoma mbavu, basi hili la pili likachongwa mgongoni na mahali pa kuwekea mkono. Kampuni ya Gibson nayo ilitoa lake mwaka wa 1952 likiwa na jina la Les Paul; hilo ni zito zaidi na shingo yake imegundishwa kwa gundi.

Fender hakugundisha. Shingo aliifunga kwa skrubu nne tu. Ikipinda, unafungua, unaitoa, unatia nyingine. Hayo ni mawazo ya mtu aliyezoea kuona redio zikirudishwa dukani, si mawazo ya seremala wa vinanda. Na kwa sababu hiyo, msomaji, gita hili lilinifikia mimi. Ngoja nieleze.

Lilikuwa la mjomba wangu, aliyekuwa akipigia bendi moja ya hotelini hapa Nakuru kabla sijazaliwa. Si Stratocaster halisi. Ni mwigo wake, na jina lililokuwa kichwani limefutika lote. Bendi ilipovunjika alilitundika nyumbani kwa nyanya ndani ya gunia la mahindi, likakaa huko miaka. Mwaka jana likizo ya Agosti tulikuwa na deni la karo. Mama akamwomba mjomba msaada, naye hakuwa na pesa taslimu, ila alikuwa na gita. Akaja mnunuzi, akalichomeka kwenye amplifaya yake, akalipiga, kimya. Akazungusha vifundo, kimya. Akatikisa kichwa akasema koili zimeungua, hilo sasa ni kuni, na kwa huruma yake atatoa shilingi elfu moja na mia tano.

Mimi nilimwomba mjomba asiliuze. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mpwa wangu, kuni hatuwezi kuziweka huku shule imekufungia mlango. Lakini zimebaki siku nane. Likisema kabla ya Jumatatu ya kufungua, ni lako. Lisiposema, linaondoka."

Hapo sasa ndipo nilipolazimika kujua gita la umeme linasemaje, maana huwezi kutibu ububu kama hujui sauti inatoka wapi.

Inatoka kwenye pikapu. Sisemi pikapu za kubeba viazi kutoka Molo! Ni vile visanduku vitatu vidogo vya plastiki vilivyo chini ya nyuzi. Katika kikao cha chama tulizozana saa nzima kuhusu neno la Kiswahili. Wengine walitaka "kinasio", wengine "kidaka mtetemo". Hatukuafikiana. Sokoni wanasema pikapu, nami nitasema pikapu.

Ndani ya kila pikapu mna vijiti sita vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, na kuzunguka vijiti hivyo umeviringwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko ipatayo elfu saba au nane. Nyuzi za gita hili ni za chuma, na ni lazima ziwe hivyo. Funga za nailoni uone, halitatoa hata neno. Sumaku huufanya uzi ulio juu yake nao uwe sumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili inaongezeka na kupungua, na hapo umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Jambo hili Michael Faraday aliligundua mwaka wa 1831, nasi tutalisoma katika Fizikia tukifika kidato cha nne, Mungu akipenda. Uzi wa tano ukiupiga mtupu hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na umeme wake nao huenda na kurudi mara 110 kwa sekunde. Kwa hiyo umeme unabeba sura ya sauti. Ni haba sana, sehemu tu ya volti moja, hauwashi hata balbu ya tochi. Hupita kwenye swichi, ukapita kwenye vifundo vya kuongeza na kupunguza, ukatoka kwenye tundu la waya, ukaenda kwenye amplifaya, na huko ndiko unakopewa nguvu ya kusukuma spika.

Kwa hiyo mtu akisema gita limekufa, njia ni hiyo moja tu. Mahali fulani kati ya sumaku na spika, umeme umekatiwa njia. Ni mahali gani?

Nililipeleka kwa fundi wa redio wa pale sokoni, ambaye hakuwahi kutengeneza gita lakini alinikubalia nikae kwenye benchi lake. Aliniambia neno moja ambalo nimelishika: "Msichana, kitu kikinyamaza usianze na kubwa. Anza na waya." Tulichomeka waya mwingine wa amplifaya, bado kimya. Tukagonga sumaku za pikapu kwa ncha ya bisibisi, maana pikapu nzima hujibu "ko, ko" kwenye spika. Kimya. Basi nikalegeza nyuzi zote, nikafungua skrubu kumi na moja za ile plastiki nyeupe ya mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona matumbo ya gita. Jamani! Nilitarajia maajabu. Mlikuwa na vumbi, mende mkavu, na nyaya chache kuliko za redio ya nyanya.

Fundi alinipa mita yake ya kupimia. Nilipima ncha mbili za pikapu ya kwanza, sindano ikaonyesha karibu omu elfu sita. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilimwita fundi mara mbili aje aone. Waya wa koili ungekuwa umeungua au umekatika, mita isingeonyesha kitu, kwa sababu umeme usingepata njia. Omu elfu sita maana yake ile mizunguko yote elfu saba ni mizima. Yule mnunuzi ama hakujua, ama alijua sana.

Tukaufuata umeme polepole kuelekea nje. Swichi nzima. Vifundo vina vumbi lakini vinapitisha. Tulipofika kwenye tundu la kuchomekea, basi! Nati inayolikaza ilikuwa imelegea, na kila mtu aliyechomeka waya alikuwa akilizungusha tundu lote. Waya wa ndani ukajisokota, ukajisokota, mwisho ukakatika. Mjomba anasema huo ndio ugonjwa wa kawaida wa magita haya kuliko mwingine wowote. Fundi aliyeyusha risasi kidogo, akaunga, nami nikakaza nati. Kazi yenyewe haikuchukua dakika tatu, na alitoza shilingi hamsini. Ilikuwa Alhamisi. Nyuzi zilikuwa na kutu nyekundu, lakini gita lilisema, na soko lote likageuka.

Mjomba hakuvunja ahadi. Ila karo haikulipwa na wimbo. Mama aliuza kuku wake wanne. Hakunilaumu, lakini nilibaki nikihesabu banda likiwa na nafasi, na sijaacha.

Sasa sikilizeni kwa makini sehemu hii, hasa nyinyi wa Chama cha Muziki mnaotaka kuliazima. Wiki mbili baadaye nilialikwa kupiga mahali fulani ambapo sitapataja. Walikuwa na amplifaya yao. Sakafu ilikuwa ya saruji, imetoka kupigwa deki, nami nilivua viatu kwa sababu vilikuwa vinanibana. Nilipogusa nyuzi nilihisi kama siafu wanatembea kwenye vidole. Nikaondoa mkono, wakaondoka. Nikagusa, wakarudi. Waliokuwepo wakacheka, wakasema ni woga wa jukwaa. Nilikataa kuendelea, wakaudhika sana, na hadi leo hawajaniita tena.

Ile plagi yao ilikuwa ya pini mbili, na ilikuwa imeingizwa kwenye soketi kwa hila ambayo sote tunaijua: unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, unasukuma plagi, unachomoa kalamu. Nani kati yetu hajafanya hivyo kwa chaja? Lakini tundu la juu halikuwekwa hapo liwe mlango wa kalamu tu. Ndilo lenye waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano ambao mafundi huuita athi. Kazi yake ni hii: umeme wa volti 240 ukivuja ndani ya chombo na kugusa bati lake, usikungoje wewe, bali ukimbilie ardhini na kukata fyuzi.

Kwa gita la umeme jambo hili ni kubwa kuliko kwa redio, na sababu iko ndani ya gita lenyewe. Nyuzi zake zimeunganishwa kwa makusudi na athi ya amplifaya. Chini ya daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi, kuna waya mdogo unaoingia ndani na kuungana na waya wa nje. Umewekwa ili kupunguza mvumo. Gita likivuma "mmmm", ukigusa nyuzi mvumo unapungua. Kwa hiyo kukiwa na athi, nyuzi ziko salama. Athi ikikatwa na amplifaya ikivuja, kile chuma chote, pamoja na nyuzi ulizozikumbatia kwa vidole kumi, kinakuwa na umeme. Wewe ukiwa miguu mitupu kwenye saruji yenye maji ndiwe unakuwa waya wa ardhini.

Siafu wangu walikuwa umeme uliovuja kidogo. Leslie Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, hakupata kidogo. Mwezi wa Mei mwaka wa 1972, jukwaani huko Swansea, Wales, alishika maiki ambayo athi yake haikuwa sawa huku amelishika gita lake, akafa. Alikuwa hajafika miaka thelathini. Kwa hiyo mkiniona nakagua plagi kabla ya kutoa gita kwenye gunia, msiseme najidai. Pini tatu, waya wa tatu umefungwa ndani yake, viatu miguuni. Na amplifaya yenyewe usiifungue hata ukiwa umeichomoa; ndani mna vitu vinavyohifadhi umeme, na zile za zamani za vali huweka mamia ya volti.

Nimetaja mvumo. Huo unatokana na stima ya nyumbani, ambayo hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili ya gita huidaka kama inavyodaka uzi. Kaa karibu na taa ndefu za darasani utausikia vizuri. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliutibu kwa kuweka koili mbili pamoja, zenye mizunguko na sumaku zinazokwenda kinyume. Mvumo unaingia kwenye zote mbili na kujifuta, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Langu halina hizo. Linavuma, nami nimelizoea.

Mbona pikapu tatu? Kwa sababu uzi mmoja una sauti nyingi kutegemea unausikilizia wapi. Karibu na daraja, ambako uzi hauchezi sana, sauti ni kali na nyembamba. Karibu na shingo ni nene na laini, kama mtu anayeimba baada ya kunywa uji. Swichi inachagua. Stratocaster za kwanza zilikuwa na swichi ya nafasi tatu, lakini wapigaji waligundua kwamba ukiisimamisha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja na sauti inakuwa tamu. Wakawa wanaikwamisha hivyo, na mwaka wa 1977 kiwanda chenyewe kikakubali kikatoa swichi ya nafasi tano.

Mwalimu wetu wa Hisabati naye atafurahi nikimwambia kwamba vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni, freti, havikupangwa kwa kukisia. Urefu wa uzi wa gita la aina hii kutoka kichwani hadi darajani ni milimita 648. Gawanya kwa 17.817 upate 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki gawanya tena kwa 17.817, upate ya pili. Endelea hivyo, na ukifika ya kumi na mbili utakuta uko katikati kabisa ya uzi, milimita 324, na sauti ni ile ile ya uzi mtupu ila imepanda mara mbili. Nilipima langu kwa rula ya darasani. Ya saba imepotoka kidogo, lakini ni mwigo, tulisamehe.

Kulitega sauti si kazi. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tano. Sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano. Wa tano kwa freti ya tano unakupa wa nne, na wa nne unakupa wa tatu. Hapo tahadhari: wa tatu unabonyezwa freti ya nne ili kupata wa pili, si ya tano, na wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wa pili kwa ya tano unakupa wa kwanza. Vidole vitauma majuma matatu hivi mpaka ngozi iwe ngumu. Mama aliviona vyangu akadhani nimechapwa.

Na nipige nini? Watu huniuliza kama ni muziki wa Wazungu tu. Ala! Fundi Konde wa Pwani alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gita la umeme, na alizaliwa mwaka wa 1924. Halafu kuna benga. Wapigaji wa kule Nyanza walikuwa wamelelewa na nyatiti, yenye nyuzi nane, inayodonolewa sauti moja moja kwa kasi bila kupumzika. Waliposhika gita hawakulikwaruza nyuzi zote kwa pamoja kama kwenye kwaya. Walilidonoa kama nyatiti. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki Kisumu mwaka wa 2006, alijulikana kama mfalme wa benga kwa kazi hiyo. Msikilize mpiga solo: waimbaji wakinyamaza, yeye ndiye anayeendelea na maneno. Na lile besi linalorukaruka chini yake lilitokana na karakana ile ile ya fundi wa redio wa Fullerton, maana Fender alitoa gita la besi la ubao mwaka wa 1951.

Kwa mlio huo sharti uweke swichi upande wa daraja, usizungushe sana kifundo cha amplifaya, na uguse nyuzi kwa ncha tu. Mjomba ndiye anayenifunza Ijumaa jioni, ndiyo maana ya lile gunia. Vidole vyake vina baridi yabisi, hawezi tena kubonyeza, basi yeye anaimba ile solo kwa mdomo, "tiri tiri tindi", nami naitafuta kwenye freti. Nikikosea ananyamaza. Nikipata anaendelea.

Juzi uzi wa kwanza ulikatika. Seti mpya ya nyuzi bei yake ni sawa na kuku mmoja mkubwa, nami sijathubutu kumwambia mama. Kwa sasa napigia tano zilizobaki.